Nimemsamehe Baba, Presha Imebaki

Baba yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu katika msimu wa mwaka 1987, mimi nina miaka minane. Alikuwa mchumaji anayejulikana upande wetu wa kusini ya Pemba, mtu wa kuitwa na wenye mashamba kwa ile mikarafuu mirefu ambayo vijana waliikwepa. Tawi likamvunjikia. Hakufa, lakini uti wa mgongo ulivunjika na miguu haikumbeba tena. Akaishi juu ya kitanda cha kamba katika chumba cha mbele, dirisha likiangalia njia, mpaka alipofariki mwaka 1999.

Ninayoyaandika hapa ni ya miaka ile, na namna yalivyonifuata hadi kwenye mashine ya presha. Watu wa rika langu, Unguja na Pemba, tumejaa presha, sukari na vidonda vya tumbo. Tukikaa barazani tunalaumu chumvi, mafuta na urojo wa usiku, na lawama hiyo ni ya haki. Kuna jengine hatuligusi.

Baba alitupiga. Kwa kusema hivyo tu sijasema kitu, maana nani kwetu hakupigwa? Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 Bara na Visiwani na kutolewa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Zanzibar peke yake ilikuwa zaidi ya nusu, wasichana na wavulana. Kwa hiyo sidai kwamba mimi nilikuwa peke yangu. Kilichokuwa cha nyumba yetu ni namna ya kupigwa.

Mtu asiyeweza kuinuka hawezi kumkimbiza mtoto. Bakora ya henzerani ililazwa ubavuni mwake, baina ya godoro na ukuta, na anayetakiwa kupigwa ilibidi ajipeleke mwenyewe. "Njoo hapa." Anakuita kwa jina, kwa sauti ya kawaida kabisa, nawe unatoka uani, unapita ukumbini, unaingia chumbani, unasimama pale ambapo mkono wake unafika. Ukisimama nyuma kidogo anakwambia sogea. Unasogea. Mara nyengine alikuita umpe maji, au umgeuze, au umsomee juzuu aliyokuwa akipenda kuisikia. Mara nyengine ilikuwa bakora. Hukujua ni lipi mpaka ufike, na uso wake haukukwambia.

Nimewahi kuwahadithia watu habari hii wakacheka, kwa sababu ina kichekesho chake. Yakhe, mtu hana miguu, mbona hukukimbia? Nikimbilie wapi? Jioni nitarudi kula. Isitoshe, alikuwa baba, tena mgonjwa. Kumkimbia ingekuwa dhambi kubwa kuliko kosa lolote nililoitiwa.

Nikisikia jina langu, tumbo linashuka, mikono inapoa, mate yanakauka. Siku hizi najua kilichokuwa kikitokea ndani. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, halafu kotisoli. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, ini linatoa sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Hatari ikipita, kotisoli ile ile ndiyo inayorudi kuuambia ubongo basi, inatosha, na mwili unashuka. Huo ni mpango mzuri wa Mwenyezi Mungu kwa mtu aliyekutana na nyoka. Kwa mtoto anayeitwa kutwa mara kadhaa bila kujua anaitiwa nini, ile "basi" haipati nafasi ya kufika. Mwili unajizoesha kukaa juu. Ni kama boti iliyofungwa gatini mashine yake ikaachwa inanguruma: haiendi popote, lakini mafuta inakula na vyuma vinachakaa. Ukiendelea hivyo miaka, mishipa ya damu inakuwa migumu, kinga ya mwili inabaki imewashwa hata pasipo na kijidudu cha kupigana nacho, usingizi unakuwa mwepesi. Haya yanapata watu wazima pia, ila ubongo wa mtoto ungali unajengwa, kwa hivyo unajengwa kwa kipimo cha nyumba aliyomo.

Kabla sijaendelea, haki ya baba. Hakuwa hivi kabla ya kuanguka. Ninakumbuka mtu aliyenibeba mabegani kwenda kuangalia ngalawa. Alipolala pale alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyezoea kuwa juu ya wenzake, sasa anabebwa na ndugu yake kwenda kuogeshwa. Mgongo ulifanya vidonda vya kulalia ambavyo vikipona hapa vinafunguka pale. Dawa ya maumivu haikuwepo ya kutosha; siku ikipatikana, nyumba nzima ilijua, kwa sababu siku hiyo haikuitwa mtu. Na karafuu nayo ilikuwa imeanguka. Indonesia, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikizinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zao zinazotiwa karafuu, ilikuwa imefika mahali inajilimia ya kuitosha, na bei ikaporomoka. Nyumba iliyokuwa ikila kwa mchumaji ikabaki inakula kwa mama, aliyesuka ukili na kukaanga vitumbua vya kuuza. Baba aliyaona yote hayo kutoka kitandani. Hasira haikuwa na pa kwenda ila kwetu.

Mama alituambia maneno mamoja siku zote: "Baba yenu anaumwa." Alisema akitupaka mafuta ya nazi kwenye alama za bakora. Hakusema kwa ubaya, na hakusema uongo. Lakini mtoto akiambiwa hivyo anafahamu kwamba maumivu ya nyumba ile yana mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Aliyenifaa mimi ni bibi mzaa mama. Kwake ni kuvuka migomba tu. Msimu wa karafuu tulichambua kwake usiku, kandili katikati, watoto tumezunguka jamvi. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisokota kwenye kiganja cha pili, karafuu zinaachia, makonyo yanabaki mkononi unayatupa kwenye fungu lao. Baada ya muda kiganja kinapata weusi na harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Bibi hakuuliza habari za nyumbani. Alijua kwa namna nilivyokaa. Na alikuwa na desturi moja ambayo nilikuja kuitambua nikiwa mtu mzima: hakuniita kabla ya kusema anachotaka. "Nataka unitungie uzi kwenye sindano, njoo." "Kuna muhogo umebaki, njoo ule." Kwanza jambo, halafu njoo. Sijui kama alifanya makusudi, lakini kwake sikuwa nikipoa mikono.

Wataalamu wa mambo haya wanasema mtoto mwenye mtu mzima mmoja tu wa kumtegemea, aliye vile vile leo na kesho, huwa na kinga kubwa. Mimi nasema bila ya bibi ningeishia pabaya. Mwenzangu mmoja wa chuo cha Kurani, nyumba yao yenye mambo makubwa kuliko yetu, hakuwa na bibi wa kuvukia migomba. Alihamia mjini mapema, akaingia kwenye unga. Amekaa soba hausi, ametoka, amerudi. Watu wanasema alikosa dini. Mimi nilisoma naye. Alikuwa amehifadhi kuliko sote.

Mimi yangu ilikuwa sigara. Nilianza kijana sana, nyuma ya banda la kukaushia mbata, na nikumbukavyo sikuipenda ladha. Nilipenda kwamba kifua kinashuka. Nilipohamia Unguja na kupata kazi ya utunzaji wa ghala la vifaa vya ujenzi, nikawa navuta nikitaka kuongea na mkubwa wa kazi na navuta nikishaongea naye.

Nilikwenda Pemba baba alipozidiwa. Akanishika mkono, akasema, "Nisamehe mwanangu, nimekutesa." Nikamwambia, "Nimekusamehe, baba." Mungu ni shahidi kwamba nilisema kutoka moyoni, na sijawahi kujuta. Tulimzika, tukasoma hitma, nikarudi Unguja nikijua kwamba habari ile imekwisha.

Mwaka 2013 ofisi ilitupeleka kupimwa afya. Mashine ikasoma 172 kwa 108. Aliyenipima akadhani nimepanda ngazi mbio, akanikalisha, akapima tena. Ilikuwa ile ile. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, si mnene, sinywi pombe. Presha inahesabiwa imepanda ikifika 140 kwa 90, kwa hivyo yangu haikuwa ya kubembelezana nayo. Nikaandikiwa amlodipini, nikaambiwa nipunguze chumvi na niache sigara.

Sigara niliiacha kwa tabu. Chumvi nikapunguza mpaka mke wangu akawa anapika vyungu viwili. Presha ikateremka, lakini haikutulia. Leo 140, keshokutwa 165. Usiku nikiamka saa tisa silali tena. Tumbo likawa linaniunguza. Kila ugonjwa ulikuwa na mtu wake wa kuueleza. Mama akasema ni chango. Shemeji yangu akasema nimerogwa kazini, akaniletea kombe, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Nililinywa, maneno ya Mungu hayakataliwi, na siku hiyo kwa kweli nililala. Daktari wa tumbo akanipa dawa ya asidi. Kila mmoja alishika sehemu yake.

Mke wangu akanunua mashine ya kupimia nyumbani, na ndiyo iliyoanza kutufumbua macho. Siku moja nimepima, 134, nimefurahi. Simu ikalia: mkubwa wangu. "Njoo ofisini mara moja." Akakata. Kabla sijavaa viatu mke wangu akasema nipime tena, kwa mzaha tu kwa sababu mashine ilikuwa bado mkononi mwangu. 171. Tukatazamana. Nilipofika ofisini, alitaka nimuoneshe zilipo funguo za ghala la pili.

Kwa kliniki ya presha alikuwepo muuguzi mtu mzima, karibu na kustaafu, mwenye kuandika polepole. Nikamsimulia habari ya simu kama kichekesho. Hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Umelelewa na nani, mwanangu?"

Nikamwambia, "Na wazee wangu, mama. Pemba."

"Walikuwa wazima?"

Kwa miaka yote ya kwenda hospitali, niliulizwa kama wazee wangu wana presha, kama wana sukari. Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikafungua mdomo kusema baba alikuwa mgonjwa, na maneno yakatoka ambayo sikuyapanga. Nje kulikuwa na foleni. Alinisikiliza kwa muda aliokuwa nao, akaniandikia kikaratasi niende kwa mwenzake anayeshughulika na afya ya akili.

Kikaratasi kile nilikaa nacho mfukoni muda mrefu. Kwetu ukisema afya ya akili, mtu anasikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na Kidongo Chekundu kwa watu wa mjini si hospitali tu, ni neno la kumtukania mwenzako. Niliogopa kuonekana. Kubwa zaidi, kulikuwa na aya. Suratul Israa, aya ya 23, kila mtoto aliyepita chuoni anaijua: kuwatendea wema wazazi wawili, na wasiambiwe hata "ah." Baba amekufa, nimemsamehe, na sasa niende kwa mtu baki nikamwage habari zake? Kwangu hicho kilikuwa kizuizi kikubwa kuliko aibu.

Nikamuendea sheikh mmoja ninayemwamini, baada ya sala ya alasiri. Nikamueleza kwa kuzunguka. Akaniuliza: "Ukivunjika mguu, daktari akakuuliza umeanguka wapi, utamficha kwa sababu shamba ni la baba yako?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi. Mwambie umeanguka wapi. Kumsema baba yako barazani ni jambo jengine."

Tangu siku ile nimekuwa nikiona kwamba wengi tumekwama hapo. Tunadhani ukisema "niliumia" umeshamshitaki aliyekuumiza, na ukisema "nimesamehe" umeshapona. Msamaha ni baina yangu na baba, na umepita, na akhera tutakutana hatudaiani. Mishipa yangu haikuwepo kwenye mazungumzo yale. Ilijifunza jambo moja tangu utotoni, kwamba kuitwa ni hatari, na hakuna aliyeifundisha vyengine. Mtu anaweza kuwa hana kinyongo hata chembe na bado mwili wake unaruka akisikia mlango umebamizwa. Kumwambia mtu kama huyo "samehe tu" ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Muuguzi wa afya ya akili alikuwa kijana kuliko mimi, na hilo lilinitia shaka mwanzo. Ndiye aliyenieleza habari za daktari mmoja wa San Diego, Marekani, Vincent Felitti. Katika miaka ya 1980 alikuwa na kliniki ya watu wanene kupindukia, na kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakipungua vizuri ndio hao waliokuwa wakikimbia matibabu. Alipokaa nao akakuta wengi waliumizwa wakiwa watoto, na unene kwao ulikuwa ngome. Ninapomfikiria mwenzangu wa chuoni na unga wake, na mimi na sigara yangu, hilo ndilo linalonijia: kile ambacho watu wanakiona ni ugonjwa, mgonjwa mwenyewe alikichukua kama dawa. Ukimnyang'anya bila ya kumuuliza kinamtibu nini, atakirudia.

Felitti akashirikiana na Robert Anda, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayodhibiti maradhi, wakawauliza watu zaidi ya 17,000 habari za utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa, kukosa matunzo, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba, mgonjwa wa akili, mtu kufungwa jela, wazazi kuachana. Matokeo ya mwanzo yalitoka 1998. Na hawa hawakuwa mafukara. Wengi walikuwa watu waliosoma, wenye kazi na bima. Karibu thuluthi mbili walikuwa na angalau jambo moja. Waliokuwa na manne au zaidi, ukiwalinganisha na wasio na hata moja, hatari yao ya maradhi ya moyo ilikuwa kiasi cha mara mbili, na ya kujaribu kujiua mara 12.

Nilipoyasikia hayo nikataka kujihesabia alama zangu papo hapo. Kijana akanizuia, na nimekuja kuona alikuwa na haki. Hesabu ile inazungumzia makundi ya watu; haimtabirii mtu mmoja mmoja. Anda mwenyewe mwaka 2020, pamoja na wenzake, aliandika kuonya dhidi ya kuitumia alama hiyo kumpimia mtu hatima yake. Wapo wenye mengi na wazima. Na maswali yale ya Marekani hayana mkarafuu, hayana bei iliyoporomoka, hayana baba aliyelala miaka kwa maumivu. Shirika la Afya Duniani limekuja kutengeneza maswali mapana zaidi, yenye vita, ghasia na uonevu wa watoto kwa watoto, kwa ajili ya nchi nyengine. Hata hayo sidhani kama yangefika chumba chetu cha mbele. Muhimu alichonionesha yule kijana ni kwamba njia ipo baina ya chumba kile na mashine ya presha, na imetembewa na watu wengi.

Tulichokifanya pamoja hakina miujiza. Dawa ya presha niliendelea nayo. Alinisisitizia hilo kabla ya jengine lolote, maana wapo wanaopata mtu wa kuzungumza naye wakatupa vidonge, wakapata kiharusi. Tulizungumza. Alinitaka nieleze chumba, si baba: mlango uko wapi, kitanda kipo vipi, nasimama wapi, nanusa nini. Siku ya kwanza nilipofika kwenye "sogea" nilijikuta nimesimama nimeshika kiti. Baadaye nikaweza kueleza nimekaa.

Akanifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi kuliko nilivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoa inaamsha ule upande wa mishipa ya fahamu unaoteremsha mapigo ya moyo. Nikamwambia hiyo mbona tunaijua: ndivyo wazee wanavyovuta nyiradi baada ya sala, sauti inakokotwa mpaka pumzi inamalizika. Akacheka, akasema basi fanya hivyo. Nafanya hivyo. Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba nyiradi ni dawa ya presha. Nasema mwili wangu unashuka, na nimeona kwenye mashine.

Kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni kidogo mno hata naona haya kukieleza. Nilimwambia mke wangu. Tumekaa miaka katika nyumba moja, na yeye akijua tu kwamba mume wake akiitwa "njoo" anakasirika. Tuligombana mara nyingi kwa sababu hiyo, yeye jikoni anataka nimshikie chungu, mimi nakuja nimenuna kama nimetukanwa. Nilipomueleza alinyamaza, halafu akaniuliza sasa anite vipi. Nikakumbuka bibi. Nikamwambia, sema kwanza unalotaka. Siku hizi anasema, "Mtungi wa gesi mzito huu, njoo." Watoto nao wamejifunza, wanadhani ni adabu ya nyumba yetu.

Kazini ilikuwa ngumu zaidi, lakini nilimwendea mkubwa wangu. Sikumweleza habari ya baba. Nilimwambia nina presha na daktari ameshauri nikiitwa nielezwe ni kwa jambo gani. Nusu ya maneno hayo ni kweli na nusu nimeyatengeneza, na sioni kama nina dhambi. Sasa ananitumia ujumbe: "Njoo, risiti za saruji." Presha yangu siku nyingi iko kwenye 130 na kitu. Usingizi umerudi, si wote.

Yapo mambo mawili yananikera, nitayasema. Kadi zetu za kliniki zina nafasi ya uzito, presha, sukari, tarehe ya kurudi. Hazina pa kuandika yule muuguzi mkongwe alichoniuliza. Sisemi kila mgonjwa aulizwe na kujaziwa fomu. Kumuuliza mtu swali kama lile halafu ukamwambia "anayefuata" ni kumuumiza upya. Lakini presha ya mtu wa miaka thelathini na kitu, isiyotulia kwa dawa, baada ya figo kuangaliwa zikaonekana salama, inastahili swali moja kuhusu nyumba aliyokulia na mtu wa kupelekwa kwake akijibu.

La pili ni kuhusu watoto wa leo. Tunayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, na ni jambo la heri, na skuli siku hizi walimu wanafundishwa adhabu zisizo za bakora. Yote mazuri. Ila nikiangalia nyumba yetu ya wakati ule, sioni kama polisi wangetusaidia. Wangemfanya nini mtu asiyetembea? Kilichoweza kutusaidia ni mtu wa kituo cha afya kupita kila wiki kuosha vile vidonda, na vidonge vya maumivu visivyokatika, na mtu wa kumuuliza baba naye anahisi vipi. Nimesema siku ikipatikana dawa haikuitwa mtu. Watoto wa nyumba ile wangekingwa kwa kumtibu mgonjwa wa nyumba ile. Wachumaji bado wanaanguka kila msimu, na watu wanazungumzia fidia ya aliyeumia. Sijasikia mtu akiuliza nyumbani kwake kuna watoto wangapi.

Kaka yangu mkubwa hakubaliani nami hata kidogo. Yeye amebaki Pemba, analima, anachuma, ana sauti ya baba. Nilipomueleza alisema, "Sote tulipigwa bakora ile ile. Mbona mimi mzima?" Nikamwambia huenda ni kweli, watu hatufanani, na yeye alikuwa mkubwa, alikuwa akitoka kwenda baharini. Kisha mke wake akaniambia pembeni kwamba anakunywa maji usiku kucha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na kidonda cha kidole cha mguu hakikauki. Sikutaja utoto tena. Nimempigia kumwambia akapime sukari. Anasema ngoja karafuu ziishe, atakuja Unguja tumpime huku. Nimemwambia asingoje karafuu wala boti, Chake kuna hospitali, na kidonda cha mguu hakingoji. Kasema ataona. Shemeji amesema Jumatatu atampeleka yeye, atake asitake.